Nusu Kichwa cha Bwana Harusi

Wanaume wa Majengo walipenda kusema kwamba umbeya ni kazi ya wanawake. Nami nilikuwa nimekaa ndani, nyuma ya dirisha, karibu kabisa na visogo vyao, nashona kofia na kuwasikia wakiyasema hayo katikati ya umbeya ambao mama yangu, pamoja na ulimi wake wote, asingethubutu kuutamka hata chooni.

Nyumba ilikuwa ya mama. Kuta za udongo, paa la madebe yaliyopondwa yakanyooshwa, korido katikati na vyumba huku na huku, kama nyumba nyingi za Majengo, Nairobi, katika miaka ile ya hamsini. Mbele palikuwa na baraza, na baraza hiyo mama alimkodisha kinyozi mmoja Mmanyema aliyetoka pande za Ujiji, mtu mrefu, mtaratibu, asiyependa ugomvi. Sote tulimwita Fundi. Mali yake yote ilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, benchi la wanaongoja, kioo kilichoota ufa pembeni, mashine ya mkono, mikasi, jiwe la shabu la kukaushia mikwaruzo, kopo la poda, na nyembe alizozinoa kila asubuhi kwenye kipande cha ngozi kwa mapenzi ambayo waume wengi hawawapi wake zao.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama karibuni. Talaka yangu niliipokea kama mtu anavyopokea mshahara: niliitazama kama imeandikwa sawasawa, nikaikunja, nikaenda zangu. Kofia nilishona kwa sababu zilinipa ulaji, na kwa sababu mwanamke aliyekaa dirishani na sindano haulizwi na mtu anafanya nini pale.

Nilikuwa nasikiliza. Wazungumzaji wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mnubi aliyekwenda vitani Burma na kurudi na nishani moja na uongo usiohesabika. Wajapani aliowakamata peke yake walianza wakiwa watatu. Kila alipokuja kunyolewa waliongezeka, mpaka nikawa najiuliza jeshi lote lililobaki la Mfalme lilikuwa na kazi gani kule. Wa pili alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa Kilimani, mtu wa bara ya magharibi, Mkristo safi wa Jumapili. Yeye alituletea habari za nyumba za Wazungu. Kwa ushahidi wake, memsahibu wake alilala na mbwa kitanda kimoja na bwana akalala chumba kingine, na mbwa huyo alikuwa na daktari wake, sabuni yake, na mashine yake ya kunyolea manyoya.

"Na bwana je, ana mashine yake?" Fundi akauliza.

"Bwana ana upara."

Basi ndivyo walivyopitisha siku. Waliozungumza siasa walizungumza kwa sauti ya chini, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na hata kuta za udongo zilikuwa na masikio. Waliozungumza habari za wake za watu walizungumza kwa sauti ya juu kabisa.

Ijumaa moja baada ya sala alikuja karani wa reli kutoka Makongeni. Suruali yake ilipigwa pasi hata ungeweza kukata nayo mkate. Naye alitoka magharibi, kanisa moja na yule mpishi. Alikaa kitini, akajitazama kiooni kwa kuridhika, akasema, "Fundi, kesho naoa. Taka njia kichwani, straight kama reli."

"Reli yenyewe ina kona nyingi tu, bwana."

"Ile yangu isiwe na kona."

Fundi akamfunga shuka jeupe shingoni, akaanza upande wa kulia. Alipunguza, akasawazisha, akachora ile njia kwa wembe akiwa amebana pumzi. Nilipenyeza jicho dirishani. Ilikuwa njia nzuri kweli. Upande wa kushoto ulikuwa bado msitu.

Hapo ndipo tuliposikia malori.

Kila aliyeishi Majengo aliijua sauti ile. Lori moja lilifunga njia huku, lingine kule, kisha filimbi, kisha buti. Benchi likawa tupu kabla sijaweka sindano chini. Miaka ikipita watu huisimulia misako ile kana kwamba sote tulikuwa mashujaa. Mimi nilijichoma sindano kidoleni, na sikuusikia uchungu mpaka jioni.

Walifika barazani askari weusi kadhaa na joni mmoja, maana askari vijana wa Kiingereza tuliwaita hivyo, majoni. Huyu alikuwa mtoto mtoto, pua imeungua jua. Fundi hakukimbia. Angekimbiaje? Alikuwa na wembe mkononi, na mtu mweusi anayekimbia na wembe Nairobi ya wakati ule alikuwa hafiki mbali. Alisimama wima kando ya kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kitupu.

"Hii nini?" joni akauliza.

"Wembe, bwana."

"Na hii?"

"Wembe."

"Hii?"

"Wembe pia, bwana. Mimi kinyozi."

"Kwa nini mingi?"

"Ndevu ni nyingi, bwana."

Jibu hilo, ambalo siku nyingine lingechekesha, ndilo lililompandisha kwenye lori. Walichukua nyembe, mikasi, mashine, hata poda. Askari mmoja aliinusa kuhakikisha si baruti, akapiga chafya. Mzee Mnubi, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kukimbia, alisimama kando ya benchi na nishani yake kifuani, akapiga saluti. Joni naye akarudisha saluti, nadhani kwa mazoea, akampita. Baadaye mzee alidai kwamba alikuwa akingoja tu wageuke mgongo awashambulie.

Sikuwa na nafasi ya kumhurumia Fundi, kwa sababu askari wawili walikuwa wameingia koridoni na mama alikuwa chumbani peke yake. Nilikimbilia huko. Nilimkuta amekaa juu ya kitanda chake cha samadari, kitanda cha miguu mirefu ambacho chini yake tuliweka masanduku na masufuria, ametandaza leso zake mbili mpaka zinagusa sakafu. Uso ulikuwa wa mgonjwa. Asubuhi hakuwa mgonjwa.

"Nani yuko hapa?" askari akauliza mlangoni.

"Mimi na tumbo langu, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya kaburini. "Linaniendesha tangu jana. Hebu nisogezee beseni hilo, haraka, usije ukaona usiyoyataka."

Askari aliona beseni, akaona uso wa mama, akaona afadhali akawatafute maadui wa serikali chumba kingine.

Buti zilipotoka, mama akapiga godoro kwa kiganja. "Toka."

Kwanza ilitoka suruali, na pasi yake sasa imekwisha. Kisha shuka jeupe. Kisha kile kichwa. Upande mmoja alikuwa bwana harusi, upande mwingine alikuwa mtu aliyetoroka mahali. Utandu wa buibui ulining'inia sikioni.

"Mama, asante," karani akasema. "Mimi iko na kipande, cheti ya serikali. Iko sawa kabisa. Lakini wakinibeba leo, hata kama iko sawa, watanirudisha Jumatatu. Na harusi ni kesho."

"Najua. Nimekusikia ukijisifu barazani," mama akasema. Kumbe naye alikuwa na dirisha lake.

Nilimpa kioo kidogo cha mkononi. Nilifanya vile kwa nia njema. Alijitazama, akakaa chini sakafuni, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. Kutoka hakuweza, malori yalikuwa bado yamefunga njia. Na hata yangeondoka, vinyozi wa Majengo nzima walikuwa wamebebwa au wamejificha, na wembe wa kunyolea ulikuwa umegeuka kuwa silaha tangu saa ile.

Mama akanielekezea kidole. "Binti yangu huyu hunyoa."

Ni kweli nilinyoa. Nilinyoa watoto wachanga. Mama alikuwa mkunga, na mtoto akifika arobaini mimi ndiye nilipewa kichwa, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Lakini karani alinitazama kama aliyeambiwa mbuzi anaendesha gari moshi.

"Mwanamke? Mwanamke ashike kichwa yangu?"

"Kichwa chako," mama akasema, "siku unazaliwa kilipita wapi?"

Karani akaanza kuufuta utandu wa buibui sikioni.

Nikaleta wembe wangu wa watoto na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Nikamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaanza upande wa kushoto, nikifuatisha kazi ya Fundi. Mkasi wa nyuzi si mashine. Nikipunguza hapa, pale panaonekana kichaka. Nikipunguza pale, hapa panaonekana shimo. Nikaamua kupunguza kidogo upande wa Fundi ili ulingane na wangu, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana kutoka hapo pande zile mbili zilianza kufukuzana kuelekea kwenye ngozi. Ile njia iliyonyooka kama reli ilipotea bila hata kuaga.

"Vipi?" karani akawa anauliza. "Iko sawa?"

"Tulia."

"Mbona mama anageuka ukutani?"

Mama alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. Mwishowe nikasema kweli: "Bwana, hapa pana njia mbili. Uende kanisani na kichwa kilichotafunwa na panya, au nikunyoe chote kiwe kipara kisafi." Alifumba macho, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anaomba. Kisha akasema, "Maliza."

Nilimaliza. Hapo nilikuwa nyumbani, kwa kuwa kichwa cha mtu mzima kikishapakwa sabuni hakina tofauti na cha mtoto, isipokuwa mtoto hulia kidogo zaidi. Niliusukuma wembe taratibu, nikazunguka masikio, nikashuka kisogoni. Nilipompangusa kwa kitambaa cha maji ya moto kichwa kiling'aa kama embe lililooshwa. Hapo mama, kwa mazoea ya miaka yote ya arobaini za watoto, akapiga kigelegele.

Malori yalipoondoka alasiri, karani alivaa kofia mojawapo niliyokuwa nashona akarudi Makongeni, Mkristo aliyevishwa kofia ya Kiislamu siku moja kabla ya harusi yake.

Yaliyotokea kanisani alitusimulia mpishi, aliyekuwapo. Kwao magharibi, watu hunyolewa kipara wakiwa wamefiwa. Hilo mimi sikulijua, na karani kwa kiwewe chake alikuwa amelisahau. Alipovua kofia mlangoni mwa kanisa, shangazi wa bibi harusi alitazama kile kichwa, akatupa mkoba wake chini, akaanza kuomboleza. Shangazi wa pili alimwunga mkono bila kuuliza. Punde si punde upande mzima wa wanawake ulikuwa unalia, kila mmoja akimlilia maiti aliyemchagua mwenyewe, na pasta amesimama na kitabu chake hajui azike au aozeshe.

"Na bibi harusi?" nikamwuliza mpishi.

"Bibi harusi alicheka hata shela ikaanguka. Alisema kama hakuna aliyekufa, waendelee, chakula kinapoa."

Nilimpenda mwanamke yule kabla sijamwona.

Karani alikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yana faida yake. Aliporudi kazini hakusema alijificha uvunguni mwa kitanda cha mwanamke mgonjwa wa tumbo. Alisema kipara ndiyo mtindo mpya wa mabwana wa mjini. Wiki iliyofuata vijana wawili wa reli walisimama barazani, mbele ya kiti kitupu, wakauliza, "Yule fundi aliyemnyoa karani yuko wapi?"

Nikaweka kofia chini. "Ndiye mimi."

Walitazamana. Mmoja akasema atarudi kesho. Mwingine aliona aibu kukimbia, akakaa.

Vifaa sikuwa navyo, na mpishi ndiye aliyeniokoa. Alikuja Alhamisi, siku yake ya mapumziko, na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Ilikuwa mashine ya mkono, ya chuma kinachometa, nzuri kuliko ile ya Fundi.

"Memsahibu amepata mpya," akasema. "Hii alitaka kutupa."

Niliitazama, nikamtazama. "Ya yule mbwa?"

"Usiseme kwa nguvu."

Nikaichemsha kwenye sufuria mpaka mama akauliza kama napika supu. Baadaye ikanyoa waumini wa msikitini na wa kanisani, karani na hamali, na hakuna hata mmoja aliyebweka.

Kulikuwa na maneno, bila shaka. Jirani mmoja, mwanamke wa kusali sana, alikuja kumwambia mama kwamba si halali binti yake kushika vichwa vya wanaume wasio wake. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Aliyekuwa halali yake alimshika yeye kichwa, kwa ngumi. Hukuja kuniambia kitu siku ile." Jirani alimaliza chai yake, akaaga. Mwezi uliofuata alimleta mjukuu wake anyolewe.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa ukimya. Nilipokuwa nyuma ya dirisha baraza ilichemka maneno. Nilipotoka nje na mashine mkononi, wanaume walikaa kwenye benchi wameshikilia magoti kama wanaosubiri kung'olewa meno. Walizungumza mvua. Walimaliza mvua wakazungumza jua. Nilianza kuwachukia.

Siku moja mzee Mnubi, akiwa kitini na povu kidevuni, alishindwa kujizuia. Akaanza kuwasimulia vijana wa reli habari za Burma. Safari hii Wajapani walikuwa kumi na wanane.

"Mzee wangu," nikasema huku nanoa wembe, "kabla ya mfungo walikuwa tisa."

Benchi zima likaniangalia.

"Nani kakwambia?" mzee akauliza.

"Wewe. Na mara ya kwanza walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa anaumwa."

Niliona fikra ile ikitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine, polepole, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba. Walilitazama dirisha. Wakanitazama mimi. Wakakumbuka, kila mmoja kwa zamu yake, mambo waliyoyasema pale kuhusu wake zao, wakwe zao, majirani zao, na mwanamke wa nyumba ya tatu.

"Umekuwa ukisikia yote?" mpishi akauliza taratibu.

"Yote. Na la yule mjane wa Shauri Moyo pia."

Mpishi akafunika uso kwa kofia. Mzee Mnubi akaanza kucheka, povu likaruka mpaka kwenye kioo, na baada yake wakacheka wote, kicheko cha watu waliokwisha kuvuliwa nguo wasiokuwa na la kuficha tena. Tangu siku hiyo mazungumzo yalirudi, na mimi nimo ndani. Niligundua kwamba nilikuwa na maoni mengi kuhusu mambo mengi. Dirishani nilikuwa nayameza pamoja na nyuzi.

Fundi alirudi mwishoni mwa mvua. Nilikuwa namnyoa karani mmoja wa halmashauri ya jiji nilipomwona amesimama barabarani, mwembamba, ndevu kama za beberu, shati si lake. Wanaume waliinuka kumwamkia, wakamshika mikono, wakamwuliza hali, naye anaitikia huku macho hayatoki kwenye kiti.

"Nani amefungua duka ndani ya duka langu?" akauliza.

"Karibu, Fundi," nikasema. "Pole kwa yaliyokupata. Kaa, huyu namaliza."

Alikaa kwenye benchi lake mwenyewe kama mgeni. Zamu yake ilipofika niliona anasitasita, kisha akakaa kitini, na vijana wa reli wakaanza kuimba kwamba kinyozi hajinyoi, methali iliyosemwa mara nyingi sana asubuhi ile hata nikatamani kumkata ulimi aliyeitunga. Ndevu zake zilikuwa ngumu, na chini ya sikio palikuwa na kovu ambalo halikuwapo zamani. Sikuliuliza. Yeye mwenyewe alitusimulia alilotaka kusimulia: kwamba siku ya pili tu walijua hana hatia, lakini mkubwa mmoja wa kambi walikofungiwa alimwona akimnyoa mwenzake kwa kipande cha chupa, akapenda kazi yake, akamweka awanyoe maofisa.

"Kwa hiyo ungekuwa kinyozi mbaya ungerudi mapema," mpishi akasema.

"Ningekuwa kama huyu," Fundi akasema, akanielekezea kidole gumba, "ningerudi siku ileile."

Watu walicheka. Mimi nilimkwaruza kidogo shavuni, si kwa bahati mbaya.

Nilitegemea kwamba angenitoa, na nilikuwa nimeshaanza kuihuzunikia kazi ile. Lakini wateja waligawanyika. Vijana wa reli walitaka kipara changu. Wazee walitaka mkono wa Fundi. Mzee Mnubi alitaka kunyolewa na yeyote asiyekumbuka hesabu. Mama, ambaye baraza ilikuwa yake, alimaliza ubishi kwa kuleta kiti cha pili kutoka chumbani kwake na kukitua kando ya cha kwanza bila kumwuliza mtu. Ikawa hivyo. Tulifanya kazi bega kwa bega, tukigombania kioo.

Siku moja, katikati ya msimu wa baridi, Fundi akiwa ananyoa na mimi nanyoa, alisema bila kugeuka, "Nimekuwa nikiwaza. Watu wawili, baraza moja, kioo kimoja. Ingekuwa nafuu tukioana."

Benchi zima likageuza shingo.

"Fundi," nikasema, "hiyo ni posa au ni hesabu ya kioo?"

"Kidogo hiki, kidogo kile."

"Mimi nimeshaolewa mara moja, nikaona. Kioo nitanunua changu."

Alifikiri kidogo, kisha akaanza kucheka kile kicheko chake cha polepole ambacho kambi haikumnyang'anya, nami nikacheka, na tukacheka mpaka ikabidi tushushe nyembe. Mteja wangu, mtu mzito wa Gikomba ambaye hakuwa hata na desturi ya kuongea, akatuomba tafadhali tumalize kwanza sikio lake.